Nyumba ya Shangazi Niliyoijenga kwa Mdomo

Jumatatu, 3 Machi

Joto. Shati la pili limeloa kabla ya chai. Naanza shajara leo kwa sababu mtu mwenye mipango mikubwa anapaswa kuweka kumbukumbu, na mipango mikubwa imefika.

Hali yangu kwa ufupi. Niko nchi ya watu, mwaka wa nne. Kazi yangu ni kupiga pasi mapazia kwenye duka la dobi. Nyumbani wanajua niko kwenye mambo ya vitambaa, na huo si uongo. Nimepanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Mama Mwenye Nyumba, kimeegemea tangi la maji. Nyumbani wanajua naishi kwenye nyumba kubwa yenye baraza ndefu na nguzo nyeupe. Huo nao si uongo kamili. Nyumba ipo. Naiona kila siku nikifungua dirisha.

Kila Jumapili namtumia Shangazi ujumbe wa sauti nikimweleza ninapoishi. Ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, na hachoki kunisikiliza. Kinyozi wa kona, mwenye kiti kimoja na kioo chenye ufa, nimemfanya saluni ya mabwana. Mtaro unaopita mbele ya chumba changu nimeuita kijito. Mijusi ya ukutani nimeiacha ilivyo, sikuona cha kuiongezea.

Leo amejibu. Anajenga! Kiwanja kimesafishwa, matofali yameshushwa. Binamu, mwanawe wa kuzaa, mwalimu, amemchorea ramani kwa rula na kalamu za rangi. Shangazi ameisukuma kando. Anataka nyumba kama yangu, ile ile, ili siku nikirudi nisijione mgeni. Na chumba cha mbele, kinachotazama barabara, kitakuwa changu. Kwenye ramani ya Binamu kilikuwa chake.

Nimecheka mpaka Mlinzi wa nyumba kubwa akagonga ukuta akauliza kama niko salama.

Ngoja niseme hili hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Nakitaka kile chumba. Mwenye chumba cha mbele ndiye anayefungua mlango mgeni akibisha hodi. Tangu nizaliwe nimelala kwenye vyumba vya watu, nyuma ya magunia, juu ya mikeka ya wenzangu, na sasa pembeni ya tangi. Nataka siku moja nibishiwe hodi mimi.

Jumanne, 4 Machi

Shangazi amempa Fundi namba yangu. Fundi ni mtu wa maneno machache. Hakuuliza hata habari za huko. Anataka kujua nguzo ni ngapi, mlango mkuu uko wapi, na maji yanaingilia wapi.

Kazi rahisi. Nimefungua dirisha nikamsomea nyumba kama mtu anayesoma gazeti. Nguzo sita. Mlango mkuu uko katikati ya baraza, mpana, umepakwa buluu. Mkono wa kulia, hapo hapo mlangoni, jiko. Mkono wa kushoto kijito. Tangi nyuma, hapa.

Ameuliza kijito kinatoka wapi. Nimesema kinatoka juu. Ameuliza juu wapi. Nimesema juu mlimani. Hapa hakuna hata kichuguu. Mtaro unatoka kwenye machinjio.

Jioni Shangazi ameandika kwamba ameshaweka watu wachimbe kijito upande wa kushoto. Sikulitarajia hilo. Lakini maji hayamdhuru mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa.

Fundi anataka upana wa nyumba. Siwezi kumwomba Mama Mwenye Nyumba anishikie utepe wa kupimia. Basi asubuhi nimejipitisha kando ya ukuta wake kama mtu anayenyoosha miguu, nahesabu hatua kimoyomoyo. Nikafika mwisho, nikasahau hesabu. Nikarudi. Nikasahau tena. Safari ya tatu nikawa nahesabu kwa sauti, na hapo Mlinzi akapuliza filimbi.

Mlinzi huyu hajawahi kukamata mtu tangu aajiriwe, kwa hiyo filimbi aliipuliza kwa moyo wote. Mtaa mzima ulitoka. Kinyozi alitoka na mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa. Mama Mwenye Nyumba akatoka na mswaki mdomoni, akataka kujua kwa nini mpangaji wake anaihesabu nyumba yake.

Akili yangu ikafanya kazi kama umeme. Nikamwambia duka letu lina zawadi kwa wakazi wa mtaa huu. Tunafua mapazia ya nyumba moja bila malipo, na nimetumwa kuangalia ukubwa wa nyumba. Akautoa mswaki mdomoni. Akauliza, yote? Nikasema yote.

Duka letu halina zawadi yoyote. Bosi hajawahi kumpa mtu hata kibanio.

Fundi nimempa upana wa kukisia, nikaongeza kidogo ili nisije nikapungukiwa.

Jumamosi, 8 Machi

Mapazia yamefika. Mlinzi ameyaleta kwa mkokoteni, safari mbili. Mapazia ya sebule, ya vyumba, ya korido. Mazito, ya rangi ya kahawa, yana vumbi la miaka. Yamejaa chumbani mpaka juu ya kitanda. Naandika nikiwa nimesimama.

Mlinzi amekataa kuondoka. Amesema ananihurumia, halafu akauliza kama duka letu linafua na sare za walinzi. Nimesema ndiyo. Sijui kwa nini nimesema ndiyo.

Jumatatu, 10 Machi

Wazo! Wazo la mtu mkubwa!

Nilikuwa nayaingiza mapazia kwenye mashine kwa siri, Bosi akiwa benki, ndipo Fundi akaleta swali la madirisha. Anataka upana na urefu wa kila moja, kwa sababu kuta zinapanda haraka na Shangazi amemwongezea vibarua. Nikayatazama mapazia. Kila pazia lina dirisha lake. Ukijua pazia umejua dirisha. Kwa nini mtu apige hatua kando ya kuta za watu na kupulizwa filimbi, na nyumba nzima iko mikononi mwake, inatoa povu?

Nimeyatandaza moja moja kwenye meza ya pasi nikayapima. Ni makubwa ajabu. Dirisha la sebule peke yake linazidi meza yetu, na meza yetu wanalala juu yake watu wawili wakati wa chakula cha mchana. Halafu yanaanzia juu kabisa mpaka sakafuni. Sikujua kwamba Mama Mwenye Nyumba anaishi kifahari kiasi hicho.

Nimempelekea Fundi vipimo vyote. Usahihi wa hali ya juu. Nimejipongeza kwa soda.

Jumatano, 12 Machi

Bosi ameyaona. Yalikuwa yamening'inia nyuma, yanakauka. Ameuliza ni ya nani. Nimesema ni ya mteja mpya, tunamjaribu. Ameuliza risiti. Nimesema mteja naye anatujaribu.

Matokeo: Jumapili mbili nitapiga pasi mashuka ya hoteli peke yangu. Bosi amesema hiyo ndiyo zawadi ya duka kwa wakazi wa mtaa. Maana yake kuna mtu amemwambia. Namshuku Mlinzi, alikuja kuulizia sare zake.

Jumapili, 16 Machi

Mashuka tangu asubuhi. Mvuke kama nchi nyingine ndani ya nchi hii. Nikiwa katikati ya rundo, Fundi akapiga simu.

Amesema kwa vipimo nilivyotuma, ukuta wa sebule unakwisha kabla ya dirisha.

Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa. Akauliza dirisha litashikwa na nini. Nikamwambia na nguzo. Akauliza madirisha yanafika sakafuni kweli. Kweli. Akauliza mtu ataegemeza wapi kiti. Nikamwambia watu wa huku hawaegemezi viti. Nikasikia upepo kwenye simu yake.

Upepo huo naufahamu. Kwetu ni mlimani. Asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni, na watu hulala na soksi. Nilitaka kusema neno, lakini pasi ilianza kuunguza foronya.

Binamu ameandika kwenye kikundi cha ukoo akiuliza kama mama yake anajenga nyumba au kabati la vyombo. Wawili wamecheka. Nimewaandika majina.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nimeyarudisha mapazia, na Mama Mwenye Nyumba amesema zawadi bila kutundika si zawadi. Nikaingia na ngazi. Mara ya kwanza kuingia ndani tangu nihamie.

Jambo la kwanza. Mlango wa buluu, ambao nimeusifia kwa miaka minne kama mlango mkuu, unaingilia jikoni. Baraza yenye nguzo sita ni ya nyuma, wanakoanikia nguo na kuchambulia mboga. Nyumba inatazama barabara ya pili, ile nisiyoipita. Kwa mbele haina baraza hata moja. Ina ngazi mbili tatu, mlango mwembamba, na chungu cha maua yaliyokauka.

Jambo la pili. Nimetundika pazia la kwanza, nikavuta uzi wa juu kama unavyovutwa, na pazia likajikunja. Likajikunja likawa nusu yake. Nyuma yake kuna kidirisha cha kawaida kabisa, kinaanzia kiunoni.

Marinda!

Mwaka wa nne huu napiga pasi marinda ya mapazia. Kila siku, rinda baada ya rinda. Sijawahi kujiuliza marinda yanatoka wapi.

Nilikaa juu ya ngazi. Nilimfikiria Shangazi na magoti yake, amekaa kwenye sebule isiyo na ukuta, upepo wa mlima unampiga. Nilijisikia vibaya, na naliandika hilo ili ijulikane. Kisha Mama Mwenye Nyumba akasema nisikae juu ya ngazi yake kama ndege, bado korido.

Nikatoka nikampigia Fundi. Nimemwambia kwamba huku mtindo umebadilika wiki hii hii, sasa madirisha yanapunguzwa nusu. Amesema zege la juu ya madirisha limeshamwagwa, na fremu ziko kwa seremala. Akauliza mtindo huo utabadilika tena lini, ili ajue.

Ijumaa, 21 Machi

Binamu amenusa. Ameandika kwenye kikundi, mbele ya watu wote, kwa adabu ya kuudhi: angependa kuona picha ya ndugu yake mpendwa akiwa mbele ya mlango mkuu wa nyumba yake. Picha moja tu. Ukoo mzima umeunga mkono. Hata watu ambao hawajawahi kuandika chochote tangu kikundi kianzishwe.

Shangazi hajaandika kitu.

Nina mpango. Kesho Mama Mwenye Nyumba anakwenda kwa mshonaji wake. Mlinzi atanipiga picha mbele ya mlango, nami nitamfulia sare zote mbili. Kwenye duka kuna koti la mteja, jeusi, limepigwa pasi, halichukuliwi mpaka Jumatatu. Litakaa hapo linafanya nini?

Jumamosi, 22 Machi

Naandika haya nikiwa na miguu kwenye maji.

Koti lilikuwa zito na jua lilikuwa la saa sita. Nikasimama kwenye ngazi za mbele, mkono mmoja mfukoni. Mlinzi alipiga picha ya kwanza, ikawa kidole. Ya pili kidole na kiatu. Akasema simu yangu ni ngumu. Mimi nimetokwa na jasho mpaka bitana ya koti la watu imegandamana na mgongo.

Picha ya tatu mlango ukafunguka. Mshonaji alikuwa anaumwa, Mama Mwenye Nyumba hakutoka. Akanitazama, koti, mkono mfukoni. Akasema ni vizuri kwamba duka letu sasa linavaa rasmi. Akanipa beseni la pazia la jikoni lililosahaulika, akarudi ndani. Mlinzi alibonyeza wakati huo huo.

Hiyo ndiyo picha pekee iliyotoka. Nimelikata beseni, nimeukata mkono wa Mama Mwenye Nyumba, na kimebaki kichwa changu na kipande cha mlango. Nimeonekana mtu mzito. Nimeituma kabla sijaifikiria sana.

Binamu alijibu kabla sijavua koti. Aliuliza mlango wa buluu uko wapi, na nguzo sita ziko wapi.

Sikulifikiria hilo. Nimekaa nalitazama swali lile kama mtu anayetazama basi likiondoka. Kisha nikaandika kwamba huo ni mlango wa nyuma. Binamu akauliza kwa nini mtu avae koti la harusi kupigwa picha mlango wa nyuma. Ukoo mzima ukawa unasubiri. Niliona wanavyosubiri. Nikaandika kwamba huku ndivyo, nikazima simu.

Nilipoiwasha, Shangazi alikuwa amesoma kila kitu. Hakusema lolote. Afadhali angetukana.

Chumba cha mbele kimeondoka, najua. Pengine na Shangazi.

Jumapili, 30 Machi

Wiki nzima sikuandika. Wiki nzima sikutuma ujumbe wa Jumapili, kwa mara ya kwanza. Nilipiga pasi tu. Mteja wa koti alilalamika kwamba linanuka, na Bosi alinitazama bila kuuliza.

Leo Shangazi amepiga simu. Kupiga, si ujumbe. Nilimwamkia, akaitikia. Nikaanza kumweleza habari za mvua. Akanikatiza.

"Mwanangu, mvua baadaye," alisema. "Nyumba unayokaa naijua tangu wiki ya kwanza ya ujenzi."

Akasema siku Fundi alipopigilia vijiti vya vipimo kwenye kiwanja, yeye alichukua simu akaweka ujumbe wangu sikioni, akawa anatembea anafuata maneno. Kulia jiko. Kushoto kijito. Akisimama mbele ya nyumba akiitazama, kulia inakuwa kushoto. Akarudi nyuma hatua, bado. Akazunguka upande wa nyuma ya nyumba, akarudi nyuma tena, mpaka mgongo wake ukagusa kijiti cha tangi.

"Hapo kila kitu kikakaa mahali pake," alisema. "Nikasikiliza ujumbe wako mwingine, na wa mwaka jana, na wa mwaka juzi. Kote unasema ukiwa umesimama hapo. Nikajua mwanangu analala hapo."

Nikasema, "Shangazi, tangi lenyewe ni zuri."

Akasema hajamaliza. Alisema nyumba yangu ameipenda vile vile, mlango unaoingilia jikoni haumsumbui, anawaona wageni wake bila kuacha sufuria. Madirisha ndiyo yamemshinda. Chumba cha mbele hakikaliki na mtu, ni baridi mno, lakini jua linaingia vizuri, kwa hiyo anakianikia mahindi. Binamu ameugua mafua mara mbili sebuleni.

"Wewe nimekujengea pale nyuma," alisema. "Chumba kimoja, kuta nzito, dirisha moja dogo. Ukilifungua unaiona nyumba yote. Ni chako. Huko umekaa penye tangi la mtu, kwenu ukakae penye lako."

Nimelia. Naliandika. Nilimwambia nina mafua. Akasema joto la huko lina mafua ya ajabu, akaniambia nile, akakata.

Nina chumba. Nimetembea mpaka kwa kinyozi na kurudi bila sababu. Nilimwamkia Mlinzi mara mbili.

Jumatatu, 31 Machi

Furaha ya mtu haiachwi ipumue.

Binamu ameweka picha kwenye kikundi. Chumba changu, kimesimama pembeni ya tangi, kidogo, bado hakijapigwa lipu. Chini ameandika: makao makuu ya ndugu yetu wa ng'ambo. Wamecheka watu wote, hata mjomba ambaye hajui kuandika aliweka picha ya uso unaotoa machozi.

Ningeweza kunyamaza. Chumba ninacho, wao wacheke. Niliwaza hivyo kwa muda wa kunywa maji. Kisha nikashika simu.

Nimetuma ujumbe wa sauti ambao sidhani nimewahi kutoa mwingine kama huo. Nimewaeleza kwamba huku, mtu wa maana halali kwenye nyumba kubwa. Nyumba kubwa ni ya kuonyesha wageni. Mwenye nyumba mwenyewe analala pembeni ya tangi, kwa sababu anayekaa penye maji ndiye anayeishika nyumba. Nimewaeleza ukuta wake ulivyo, usiku una joto na mchana una ubaridi. Nimewaeleza mlio wa maji yakijaa alfajiri, na usingizi wake. Nikasema chumba cha namna hiyo hakipaswi kulala kitupu hata siku moja, kwani kikilala kitupu nyumba nzima inapoa. Sijui hilo la mwisho lilitoka wapi. Lilikuja lenyewe, tamu, nikaliacha.

Mjomba akauliza kwa ujumbe wa sauti kama naye anaweza kuegemeza chumba kwenye tangi lake. Wengine wawili wakauliza ukubwa wa tangi. Binamu hakuandika neno.

Ushindi! Nimemnunulia Mlinzi soda.

Jumamosi, 5 Aprili

Binamu amehamia kwenye chumba changu.

Na mke wake. Na kitanda, na rafu ya vitabu, na rula. Alihama jana mchana, Fundi mwenyewe alimsaidia kubeba. Kwenye nyumba ile ndicho chumba pekee chenye ukuta wa kutosha.

Shangazi amenieleza kwa sauti ya chini. Alimzuia mlangoni akamwambia chumba kina mwenyewe. Binamu hakubishana. Alitoa simu akaweka ujumbe wangu, wote, tangu mwanzo, mbele ya Fundi na vibarua. Ilipofika pale kwamba chumba hakipaswi kulala kitupu hata siku moja, vibarua wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akasema huyo anayezungumza anajua mambo.

"Sauti ilikuwa yako, mwanangu," Shangazi alisema. "Ningesema nini?"

Mimi pia sijui angesema nini. Nimepiga pasi mapazia ya ukumbi mzima leo na sikumbuki hata moja. Imeniuma. Inauma mahali ambapo siwezi kupaonyesha.

Jumapili, 6 Aprili

Shangazi amepiga tena. Hajalala vizuri. Anauliza siku nikirudi ataniweka wapi. Chumba cha mbele kina mahindi. Cha pili kina upepo. Alisema angeweza kumwomba Binamu atoke, lakini mke wa Binamu ana ujauzito na chumba kina joto. Aliniuliza mimi nasemaje, aseme nini kwa mwanawe. Nilisikia kwamba alikuwa ananiachia mlango wazi. Ningesema tu, Shangazi, nakitaka. Angekwenda kumtoa.

Nilifungua kinywa niseme hivyo.

Nikasikia nyuma yake kicheko cha Binamu, anaongea na mtu uani.

Nikamwambia Shangazi asihangaike hata kidogo. Kachumba kale kangenibana. Binamu akae, na mtoto azaliwe humo, baraka tele. Mimi mwenyewe niko mbioni kuhama. Nimepata nyumba nyingine, kubwa kuliko hii, ng'ambo ya barabara, na nikirudi kwetu nitajenga kama hiyo.

Nilimsikia akivuta kiti, akikaa, akishusha pumzi.

"Haya," alisema. "Nieleze. Nakusikiliza."

Nimesogea dirishani, nikachungulia pembeni ya nyumba ya Mama Mwenye Nyumba. Ng'ambo ya barabara kuna nyumba ya kijani yenye geti la chuma. Nimeanza na geti. Ndani sijui kulivyo bado, lakini mlinzi wa pale ni mgeni, na anaonekana mtu wa kuongeleka.